Usiache dawa ya presha kimyakimya

Mhariri,

Wagonjwa wengi wa presha huacha dawa bila kumwambia mtu kwa sababu ya maudhi madogo madogo ambayo yana ufumbuzi. Inasikitisha, kwa kuwa presha hupanda bila dalili.

Anayetumia enalapril au captopril anaweza kupata kikohozi kikavu, cha kukereketa koo, hasa usiku. Dawa ya kikohozi haisaidii. Daktari akimhamishia losartan, kwa kawaida kikohozi hukoma ndani ya wiki 1 hadi 4. Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba, asimeze kidonge kingine. Aende hospitali saa hiyo hiyo, maana njia ya hewa inaweza kuziba.

Amlodipine huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, zaidi kwa dozi ya miligramu 10. Mara nyingi daktari akishusha hadi 5, uvimbe hupungua. Dawa ya kukojoza, ambayo nayo hutumika kushusha presha, imezwe asubuhi, usingizi usikatizwe.

Atenolol na propranolol zisikatishwe ghafla: moyo huenda mbio na kifua huweza kubana. Daktari huzipunguza taratibu, kwa wiki 1 hadi 2 au zaidi.

Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja. Na tafadhali, ukiumwa mgongo usijinunulie diclofenac au ibuprofen. Hupandisha presha, na zikichanganyika na enalapril pamoja na dawa ya kukojoza huweza kuumiza figo. Muulize mfamasia kwanza, ukimwonyesha vidonge vyote unavyotumia.

Mfamasia