Barua kwa kaka yangu: wasio na makaratasi hawapigi kura, ila wanahesabiwa

Shikamoo kaka,

Juzi mezani nilinyamaza kwa sababu watoto walikuwa wanasikiliza, na sikutaka wanione nikikubishia mbele yao. Ulisema watu wasio na makaratasi, yaani wanaoishi nchini bila kibali, ndio wanaoamua nani aitawale Marekani, kwamba siku ya uchaguzi wanapanga foleni sawa na wewe uliyekula kiapo cha uraia. Nimeona nikujibu hadharani, maana maneno hayo siyasikii kwako peke yako.

Unakumbuka nilipokwenda kuchukua leseni ya udereva? Wakati huo nilikuwa na grini kadi tu, kibali cha kuishi, si uraia. Dada wa dirishani akanisukumia fomu, na chini yake kuna kisanduku: ungependa kujiandikisha kupiga kura? Ofisi za leseni katika majimbo mengi huuliza hivyo kwa sheria ya 1993. Kalamu ilishagusa karatasi, nikaiinua. Ni wewe uliyenipigia simu usiku wake ukaniambia, "Ukiweka tiki pale umejifukuza nchi mwenyewe." Na ulisema kweli. Kwa sheria ya 1996, asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa shirikisho anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, kisha akarudishwa kwao.

Sasa kaka, mtu ambaye moyo unamwenda mbio akiona gari la polisi, aende kwa miguu yake akaandikishe jina na anwani kwenye daftari la serikali, kwa ajili ya kura moja? Wapo, sikatai. Georgia ilipekua daftari lake mwaka 2024, lenye wapigakura milioni 8.2, ikakuta wasio raia 20. Na kuna miji michache ya Maryland inayowaruhusu wasio raia kuchagua viongozi wa mji, lakini huko hakuchaguliwi rais.

Ila kuna mahali ambapo watu hawa wanagusa siasa kwelikweli, na hapo hukupataja. Ni kwenye sensa.

Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yanataka viti vya Baraza la Wawakilishi vigawanywe kwa kuhesabu watu wote wa kila jimbo. Hayakusema raia. Viti ni 435 na haviongezeki, kwa hiyo jimbo moja likipata, jingine limenyang'anywa. Baada ya sensa ya 2020 kila kiti kilibeba wastani wa watu 761,000 hivi, na New York ikapoteza kimoja kwa kupungukiwa watu 89. Watu 89, kaka! Wanaenea kwenye mabasi mawili. Na kwa kuwa kura za jimbo za kumchagua rais ni viti vyake hivyo pamoja na maseneta wawili, kiti kikihama hata Ikulu inasikia.

Mwaka 2020 watafiti wa taasisi ya Pew walikadiria kwamba wasio na makaratasi wasingehesabiwa, California, Texas na Florida zingekuwa na kiti kimoja pungufu kila moja, na Alabama, Minnesota na Ohio kila moja ingebaki na kimoja zaidi. Angalia hayo majimbo. Hakuna chama kinachovuna peke yake.

Hoja yako yenye uzito ingekuwa hii: eneo lenye wasio raia wengi, wapigakura wachache wanamchagua mbunge, basi kura ya kila mmoja wao inazidi yako. Hilo ni kweli, na raia ana haki ya kulilalamikia. Watu wawili wa Texas walilifikisha Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2016 iliamua kwa kauli moja kwamba majimbo yanaweza kuchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi kwa kuhesabu wakazi wote, kwa kuwa mbunge anawatumikia wote. Nami niko upande huo. Wanao watatu hawapigi kura, lakini barabara wanayopita kwenda shule ni kazi ya mwakilishi. Tukianza kuhesabu wapigakura tu, hao wa kwako ndio wa kwanza kufutwa.

Kinachoniuma ni ile familia ya ghorofa ya chini. Karani wa sensa alipogonga 2020, walizima taa wakakaa gizani na mtoto mchanga mpaka akaondoka, na wewe ndiye uliyewashauri. Najua ulikuwa unawaonea huruma. Lakini kwa sheria majibu ya sensa ni siri kwa miaka 72, na mtaa wetu ukihesabiwa pungufu, pungufu hiyo ni yako pia, pamoja na kura yako.

Sensa nyingine ni 2030. Nitakuja tushuke wote wawili tuzungumze nao, ila wewe ndiwe uanze, maana wewe ndiye wanayekusikiliza.

Mdogo wako