Wali wa Siki: Barua kwa Somo Yangu wa Paje

Mikocheni,
Dar es Salaam

Somo yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na wazee na watoto, na kwamba bamvua lililopita halikukung'olea vigingi vya mwani. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Katika barua yako uliniuliza, kwa mshangao niliousikia hadi huku, kama ni kweli kwamba nimeanza kula samaki mbichi, mimi niliyekuwa nikisusa hata pweza asiyeiva vizuri. Ni kweli, na kwa kuwa swali lako lilikuwa na hofu ndani yake, nimeona nikujibu kwa kituo.

Tangu baada ya Idi nimekuwa nikienda, karibu kila Jumamosi, katika mikahawa midogo ya sushi, kile chakula cha Kijapani cha wali na samaki, iliyotawanyika katika mitaa ya jiji hili: Upanga, Masaki, Mbezi Beach na hapa kwetu Mikocheni. Sisemi ile ya hoteli kubwa za ufukweni, ambako mtu hulipia upepo wa bahari kabla hajaonja kitu. Nasema vile vijumba vyenye meza tano au sita, juu ya duka la dawa au ubavuni mwa saluni, ambako ukirudi mara ya pili mhudumu anakukumbuka na kukuuliza habari za nyumbani.

Nilianza kwa kosa ambalo nadhani wengi wetu hulifanya: nilitazama samaki peke yake. Sikujua kwamba jina lenyewe, sushi, latokana na neno la kale la Kijapani lenye maana ya uchachu, na kwamba uchachu huo ni wa wali. Zamani samaki alitiwa chumvi, akashindiliwa ndani ya wali na kuachwa miezi mingi hadi wali ukachacha, nao ukamhifadhi asioze. Kando ya Ziwa Biwa bado wako wanaomtengeneza hivyo. Baadaye watu walichoka kungoja, wakatia siki ili uchachu upatikane siku hiyo hiyo, na katika miaka ya 1820 huko Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo, mpishi Hanaya Yohei akapata sifa kwa tonge dogo la wali lililobanwa kwa mkono na kuwekewa kipande cha samaki juu. Liliuzwa vibandani, likaliwa na watu waliosimama, kama sisi tunavyokula pweza na mishikaki jioni pembeni mwa barabara. Kwa hiyo, somo yangu, mtu akikuambia kwamba hiki ni chakula cha matajiri tangu asili, usimwamini.

Katika mkahawa wa kwanza, kule Upanga, wali ulikuwa wa mchele wa Kyela. Unaujua mchele huo: harufu yake hufika mlangoni kabla ya mwenyeji, na punje zake ndefu huachana moja moja, sifa ambayo sote tunaisaka tukipika wali wa nazi. Kwa sushi sifa hiyo ni ila. Nilipoinua kipande cha kwanza kilimwagika chote ndani ya kibakuli cha sosi ya soya, punje zikatapakaa, na kilichobaki mkononi mwangu ni karatasi nyeusi ya mwani na kijiti cha tango. Masaki walikuwa na mchele unaofaa, ule mfupi wenye kunata, ila waliutoa kwenye friji ukiwa mgumu na baridi, na samaki mzuri akapotea juu yake. Sitakuchosha na hayo.

Ninalotaka kukusimulia ni la hapa Mikocheni. Mpishi ni kijana aliyezaliwa Ifakara, kwenye mashamba ya mpunga, akafunzwa kazi hii katika jiko la hoteli, na mimi naamini mkono wake umetoka shambani kuliko hotelini. Huosha mchele mara nyingi hadi maji yatoke maangavu kabisa, hupika, kisha huumimina wali ungali moto katika chombo kipana cha mbao na kuunyunyizia siki iliyoyeyushiwa sukari na chumvi. Haukorogi, maana ukikorogwa huwa bokoboko; huukata kwa ubavu wa mwiko, akiugeuza polepole, huku msaidizi wake akiupepea kwa kipepeo cha ukili, kile kile tunachopepelea jiko la mkaa. Nilisimama pale kaunta nikiangalia kila punje inavyoanza kung'aa. Hautii friji wala haungoji upoe kabisa. "Ukiwa na joto la kiganja, dada, ndipo uko tayari," aliniambia, na alipolowesha mikono, akachota kidogo na kubana mara tatu tu, tonge lililowekwa mbele yangu lilishikamana kwenye vidole na kuachana ulimini. Siku hiyo nilielewa kwamba nilikuwa nimetafuta jiji zima kitu ambacho mama zetu wangekitambua kwa kuangalia sufuria.

Nilimuuliza pia kuhusu mirini, kwa sababu najua ungeuliza. Ni mvinyo mtamu wa mchele ambao baadhi ya wapishi huutia katika siki au katika sosi, nao una kileo. Yeye hautumii. Tafadhali lifanye swali hilo kuwa la kwanza popote utakapokwenda, kwani halisomeki kwenye menyu.

Sasa nije kwa samaki, ambako ndiko hofu yako iliko. Samaki wengi wa baharini hubeba minyoo midogo iitwayo anisakisi, na kinga yake kwa samaki anayeliwa mbichi ni baridi kali: mwongozo wa Marekani hutaka agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friji ya nyumbani inayofunguliwa kila saa, na umeme wenyewe huu wa kukatika, haitoshi. Pale Mbezi Beach nilipouliza samaki amegandishwa kwa muda gani, mhudumu alinijibu kwa furaha kwamba hagandishwi kamwe, ni wa leo leo. Niliagiza sushi ya tango na parachichi, nikala, nikashukuru, na sijarudi. Jodari ana jambo lake jingine. Jodari wakubwa hawana shida sana ya minyoo, lakini asipokaa kwenye barafu tangu anapovuliwa hujenga histamini, ile inayomfanya mlaji awashwe na uso umwive, na haiondoki hata ukimpika kutwa nzima.

Ndiyo maana kijana wetu hununua kwa muuzaji mmoja tu katika soko la samaki la Feri, soko ambalo, kama unakumbuka, lilijengwa kwa msaada wa Japani. Alfajiri moja nilifuatana naye. Alipita meza nne bila kusimama, akafika kwa mzee wake, akafukua barafu, akafunua matamvua kuona kama bado ni mekundu, akabonyeza mnofu kwa kidole gumba na kungoja uinuke. Haukuinuka. Akamfunika samaki kwa heshima, akaaga, na siku hiyo jodari hakuuzwa mkahawani. Tulikula sushi ya mayai na ya kamba waliochemshwa.

Linanisikitisha kwamba mikahawa mingi hapa hutanguliza salmoni aliyeletwa kwa ndege kutoka Norwe, kana kwamba bila yeye si sushi, ilhali Wajapani wenyewe hawakuwa na mazoea ya kumla mbichi, kwa sababu ya minyoo hiyo hiyo, hadi Wanorwe walipowashawishi katika miaka ya 1980 kwa salmoni wao wa kufugwa. Bahari yetu ina jodari, nayo Feri haiko mbali.

Na kuhusu ile karatasi nyeusi, hiyo ni ya kwako. Si kotoni wala spinosamu, aina za mwani mnazozipanda nyinyi, bali ni jamaa yao mwingine aitwaye nori, anayeoteshwa kwenye nyavu, akakatwakatwa, akatandazwa na kukaushwa kama karatasi. Wakulima wake hawakujua mbegu yake hutoka wapi, na miaka mingine walivuna patupu, hadi mwaka 1949 mwanamke wa Kiingereza, Kathleen Drew-Baker, alipogundua kwamba sehemu ya maisha yake mwani huo huishi umejificha ndani ya makombe ya chaza na wenzake. Hakuwahi kufika Japani, na alifariki mwaka 1957, lakini mwaka 1963 watu wa Uto, katika mkoa wa Kumamoto, walimjengea mnara unaotazama bahari, na kila tarehe 14 Aprili hukusanyika hapo kumkumbuka. Niliposoma habari hizo nilikufikiria wewe, ukiwa umeinama majini na kamba zako, katika kijiji ambacho kilimo hiki kilianza mwaka 1989.

Njoo, basi, katika siku za maji mafu, usiache mavuno. Panda boti ya asubuhi. Nitakupokea bandarini, na tukienda moja kwa moja tutafika saa tano na nusu, wakati wali wa kwanza unapopepewa. Tutaanza na tango, kisha mayai, na jodari utamla ukipenda tu, mzee wa Feri akiwa naye. Nakuomba uniletee mwani wako mkavu, fuko dogo linatosha. Kijana wa Ifakara hujaza mwani mezani kila siku na hajawahi kuuona ukiwa na umbo lake, na ameniomba mara mbili sasa.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi, somo yako