Malalamiko kuhusu kompyuta mpakato iliyowekewa mifumo miwili na ufunguo wake kubaki dukani

Dodoma,
Machi 2026.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka na Kituo cha Matengenezo ya Kompyuta,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFUNGWA KWA KUMBUKUMBU ZA USHIRIKA KATIKA KOMPYUTA MPAKATO MLIYOIWEKEA UBUNTU

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Kompyuta mpakato niliyoinunua dukani kwenu, na ambayo baadaye niliwalipa ninyi wenyewe muiwekee mfumo endeshi wa Ubuntu kando ya Windows, haifunguki tena upande wa Windows. Mafundi wenu wamenieleza kwamba diski imekufa, kwamba Linux, yaani familia ya mifumo ambayo Ubuntu ni mmojawapo, ndiyo iliyoiua, kwamba kwa sababu hiyo waranti imekwisha, na kwamba kilichobaki ni kununua diski mpya au kufomati iliyopo kwa malipo mengine. Sikubaliani na maelezo hayo hata moja, na katika barua hii nitaonyesha kwa nini. Ombi langu la kwanza, ambalo naliweka hapa mwanzoni ili lisipotee katikati ya maelezo, ni kwamba mnipatie ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, kifungo cha Windows kinacholinda diski, uliohifadhiwa katika akaunti yenu, na kwamba hadi nitakapoupata asiwepo fundi wa kuifomati diski hiyo kwa sababu yoyote.

Ushirika uliniidhinisha kununua mashine mpya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ya Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Programu yetu ya uhasibu hufanya kazi ndani ya Windows pekee, hivyo Windows haikuwa jambo la hiari. Ubuntu niliihitaji kwa uchambuzi wa takwimu za mavuno na kwa ramani za mashamba ya wanachama. Mtu anayefanya kazi za aina hizi mbili ana haki ya kuwa na mifumo miwili katika mashine moja, na ni huduma ambayo ninyi mnaitangaza na kuitoza.

Siku ya ununuzi muuzaji wenu aliiwasha mashine mbele yangu, akaiunganisha na intaneti ya duka, kisha akakamilisha maandalizi ya Windows 11 kwa akaunti ya barua pepe ya duka. Ndipo akanifungulia akaunti ya mtumiaji yenye jina langu, akaniambia kila kitu kiko tayari. Hakunieleza kwamba Windows 11, katika mashine zenye vigezo vinavyotakiwa, huisimba diski yenyewe, yaani huifunga isisomeke bila ufunguo, mara msimamizi wa kwanza anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na kwamba ufunguo wa kurejesha hupelekwa katika akaunti hiyo ya kwanza. Akaunti hiyo ni yenu. Tangu saa ile, ufunguo wa mali niliyoilipia umekaa mikononi mwa duka bila mimi kuambiwa.

Nilipoirudisha mashine kwa ajili ya kuwekewa Ubuntu, ankara mliyonipa ilikuwa na vipengele vitatu: kunakili mafaili ya mteja kabla ya kazi, kuigawa diski, na kusakinisha Ubuntu bila kuathiri Windows. Nilivilipia vyote na stakabadhi ninayo. Nakala ya mafaili haikutengenezwa, na nilipoiulizia kwa mhudumu wa mapokezi nilijibiwa kwamba fundi aliona haina haja. Hapo ndipo uchungu wa jambo hili ulipo kwangu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mashine hii ilikuja kwenu ikiwa na mizani ya msimu unaoendelea: kilo za kila mwanachama, pamoja na makato ya salfa na pembejeo nyingine walizokopeshwa tangu wakati wa kupogoa. Nakala za misimu iliyopita ziko salama katika diski ya nje. Za msimu huu ndizo nilizowalipa ninyi mzinakili kabla ya kuigusa diski. Wakulima wanaosubiri malipo yao hawakuwa na sehemu yoyote katika uamuzi wa fundi wenu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, kwa kufuata fomu ya kazi ambayo fundi aliijaza kwa mkono wake na ambayo nakala yake nimeiambatisha. Fomu inaonyesha kwamba alianza kwa kuipunguza sehemu ya Windows kwa kutumia zana ya Windows yenyewe, akaacha nafasi tupu kwa ajili ya Ubuntu. Hatua hiyo ilikuwa sahihi. Kisha kisakinishi cha Ubuntu kilikataa kuiona diski, kwa kuwa mashine ilitoka kiwandani ikiwa na hali ya hifadhi, yaani namna mashine inavyowasiliana na diski, ya RAID inayotumia teknolojia ya Intel RST. Kisakinishi hakinyamazi katika hali hiyo. Humwambia mtumiaji wazi kwamba RST izimwe kwanza, na humwelekeza kwenye maelezo ya namna ya kuizima bila kuiharibu Windows. Fundi wenu aliingia katika mipangilio ya UEFI, programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya mfumo endeshi, akabadili hali ya hifadhi kutoka RAID kwenda AHCI, ambayo Ubuntu huitambua, na papo hapo akaizima Secure Boot, ulinzi unaoruhusu mifumo iliyoidhinishwa pekee kuwaka.

Mabadiliko yote mawili yalifanyika bila maandalizi. Windows iliyozoea RAID haijaamsha kiendeshi (programu ya kuwasiliana na diski) cha AHCI katika hatua za mwanzo za kuwaka, na ikibadilishiwa ghafla husimama kwenye skrini ya hitilafu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Dawa yake inajulikana na haihitaji vifaa: kabla ya kubadili chochote Windows huagizwa iwake katika hali salama, hali ya hifadhi hubadilishwa wakati mashine inawaka upya, Windows hujipatia kiendeshi kinachofaa, kisha agizo la hali salama huondolewa. Kwa upande wa Secure Boot, hapakuwa na sababu ya kuizima, kwa maana Ubuntu huwaka nayo ikiwa imewashwa tangu toleo la 12.10 la mwaka 2012. Kuizima katika mashine ambayo diski yake imesimbwa huifanya chipu ya TPM, inayotunza siri ya kufungulia diski, ione kwamba mazingira ya kuwaka yamebadilika, na TPM ikiona hivyo hukataa kuitoa siri hiyo. Ndiyo maana fundi makini huisimamisha BitLocker kwa muda, na kuuandika ufunguo wa kurejesha pembeni, kabla hajaingia katika UEFI.

Hata baada ya makosa hayo, hali ilikuwa bado inarekebishika kwa urahisi. Kama angeirudisha RAID na Secure Boot kama zilivyokuwa, TPM ingeyatambua mazingira yake ya awali na Windows ingewaka bila kuuliza ufunguo. Badala yake, mstari unaofuata wa fomu unasomeka kwamba aliifuta TPM. Naomba meneja ausome mstari huo kwa utulivu, kwa sababu uzito wa malalamiko yangu uko hapo. Kuifuta TPM ni kuiteketeza siri iliyokuwa ikiifungua diski hii kila inapowashwa. Baada ya hapo imebaki njia moja tu, ambayo ni ule ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huo uko kwenye akaunti ya duka.

Mafundi wenu wanadai kwamba Windows imefutika kwa kuwa haionekani katika menyu ya kuchagua mfumo. Menyu hiyo ni ya GRUB, programu inayokuja na Ubuntu ya kuwashia mifumo, na kuanzia toleo lake la 2.06 la mwaka 2021 GRUB haitafuti mifumo mingine kwenye diski isipoagizwa kufanya hivyo. Kutokuwepo kwa jina katika menyu hakuthibitishi lolote. Nilipoifungua menyu ya kuwashia ya UEFI yenyewe, kipakiaji cha Windows, yaani faili linaloiwasha, kilikuwepo, na nilipokichagua ukurasa wa BitLocker ulitokea ukidai tarakimu hizo, ukionyesha namba ya utambulisho wa ufunguo pamoja na kidokezo cha akaunti unakohifadhiwa. Herufi za kidokezo hicho zinalingana na barua pepe ya duka lenu. Nimeangalia akaunti yangu binafsi ya Microsoft na haina ufunguo wowote wa mashine hii. Nikiwa ndani ya Ubuntu, orodha ya sehemu za diski inaionyesha sehemu ya Windows ikiwa na ukubwa wake kamili na aina yake ikisomeka BitLocker, na kipimo cha afya ya diski hakionyeshi hitilafu. Diski iliyokufa haiwezi kuiwasha Ubuntu kila asubuhi kama hii inavyofanya. Picha za skrini zote hizo nimeziambatisha.

Nimeambiwa pia kwamba mfanyakazi aliyekuwa na nywila ya akaunti ya duka ameacha kazi. Huo ni utaratibu wenu wa ndani, na Microsoft inayo njia ya kurejesha akaunti kwa namba ya simu au barua pepe mbadala iliyosajiliwa. Akaunti ikishafunguliwa, kazi iliyobaki ni kuutafuta ufunguo wenye namba ya utambulisho inayofanana na ile iliyo kwenye picha, na kunikabidhi tarakimu zake kwa maandishi, katika bahasha iliyofungwa.

Baada ya hapo naomba kazi ifuate mpangilio huu, nikiwepo. Mafaili ya ushirika yanakiliwe kwanza, kabla ya jaribio lolote la kuitengeneza Windows. Hilo linawezekana ndani ya Ubuntu hiyo hiyo, kwa kuwa programu ya cryptsetup inaweza kufungua diski za BitLocker tangu toleo la 2.3 la mwaka 2020, mradi ufunguo upo. Nakala ikishahakikiwa, hali ya hifadhi irudishwe RAID, Windows iwashwe kwa ufunguo, iandaliwe kupitia hali salama, ndipo ihamishiwe AHCI ili mifumo yote miwili iwake. Secure Boot iwashwe tena. GRUB iagizwe kuitambua Windows. Uwashaji wa haraka wa Windows uzimwe, kwa sababu huiacha diski katika hali ya kulala nusu ambayo Ubuntu haiwezi kuandika ndani yake kwa usalama. Saa nayo isawazishwe: Windows huichukulia saa ya mashine kuwa saa ya hapa, Ubuntu huichukulia kuwa saa ya ulimwengu, na kwa Tanzania tofauti yake ni saa tatu, kosa ambalo katika stakabadhi za mizani linaweza kuleta ugomvi usio na sababu. Mwisho wa yote ufunguo mpya utengenezwe, uhifadhiwe katika akaunti yangu, na kumbukumbu ya mashine hii iondolewe katika akaunti yenu.

Kazi hiyo yote ifanyike bila malipo, na kiasi nilicholipa kwa ajili ya nakala ya mafaili ambayo haikutengenezwa kirudishwe. Kuhusu waranti, nataka kauli ya maandishi kwamba bado ipo. Kampuni haiwezi kuuza huduma ya kuweka Ubuntu, ikapokea fedha, ikaifanya kwa mkono wa fundi wake, kisha ikaitaja Ubuntu hiyo hiyo kuwa sababu ya kumnyima mteja waranti.

Lipo jambo moja zaidi, ambalo linawahusu wengine kuliko linavyonihusu mimi. Ikiwa muuzaji wenu huandaa mashine za wateja wote kwa akaunti moja ya duka, basi wapo walimu, wanafunzi, watumishi na wafanyabiashara wa mji huu wanaotembea na kompyuta ambazo funguo zake ziko kwenu. Siku mashine ya mmoja wao itakapodai tarakimu 48, hatajua pa kuziomba. Na yeyote aliye na nywila ya akaunti hiyo, akiipata mashine yenyewe, anaweza kuzifungua taarifa zilizomo. Mashine yangu ina majina, namba za simu na akaunti za benki za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inanibana mimi na kuwabana ninyi pia. Nawasihi muuache utaratibu huo mara moja, na muwajulishe wanunuzi wenu wahamishe funguo zao wakati mashine zao bado zinawaka.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Nisipoyapata, nitaliwasilisha suala la huduma na waranti kwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na suala la ufunguo kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ningependa zaidi tulimalize dukani kwenu, kwa kuwa mafaili hayajapotea na anayeweza kuyafungua ni ninyi.

Wako mwaminifu,

Mhasibu,
Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Zabibu,
Dodoma.

Viambatisho: stakabadhi ya ununuzi, ankara ya huduma, nakala ya fomu ya kazi, picha za skrini.

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Ushirika.