Usibadilishe mota kabla hujanyoosha shafti

Mombasa

Sahibu yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mwanza, wewe na shemeji na watoto. Huku sisi wazima, alhamdulillahi, ni joto tu linalotuchosha. Barua yako nimeisoma, na picha nimezitazama moja moja, nikazikuza mpaka nikaona mikwaruzo ya msasa ndani ya bodi ya boti yako ndogo ya rimoti. Hongera sana. Bodi ya faibaglasi ya sentimita 75, yenye mkuku (mgongo wa chini) mkali namna ile, ni mwanzo mzuri, na nimefurahi kuona hukukimbilia kupaka rangi.

Nije kwenye swali lako. Unasema mota unayo, ya kipenyo cha milimita 36 na kV 2000, lakini muuzaji anakushawishi uongeze pesa uchukue ya kV 3000 kwa kuwa ndiyo ya mashindano. Nakuomba usiichukue. Boti nyingi ninazoziona zikichechemea hapa kwetu zina nguvu za kutosha. Utakuta shafti, ile inayopeleka mzunguko wa mota kwenye propela, inakwama, au uzito umekaa nyuma mno, au propela imetoka dukani ikafungwa vilevile bila kuguswa tupa. Mwenyewe anadhani ni mota, anaenda kununua nyingine.

Piga hesabu nami. Hiyo kV ni mizunguko ya mota kwa dakika kwa kila volti moja, ikiwa haina mzigo. Betri yako ya seli 4 ina volti 14.8. Zidisha kwa 2000 upate mizunguko 29,600 kwa dakika. Kwa propela inayozunguka nusu ndani ya maji nusu nje, mizunguko kati ya 25,000 na 35,000 inafaa kabisa. Ukiweka ya kV 3000 unafika 44,400. Mizunguko imepanda mara moja na nusu, lakini nguvu inayotakiwa kuizungusha propela ileile kwa mwendo huo inapanda zaidi ya mara tatu. Betri haina uwezo huo, na kidhibiti mwendo chako cha ampea 120 kitaungua kabla hujamaliza duru ya kwanza.

Na hiyo 2000 si haba. Propela ya milimita 42 yenye pichi ya 1.4 (yaani mara 1.4 ya kipenyo chake) husonga milimita 58.8 kila ikizunguka mara moja. Kwa mizunguko 29,600 hiyo ni kilomita 104 kwa saa kwenye karatasi. Majini propela huteleza na mota hupungua mizunguko ikibeba mzigo, kwa hiyo ukiona kilomita 70 umefanya kazi ya kifundi. Bodi ya urefu wa mkono kwenda mwendo huo, utatetemeka mwenyewe ukiwa umesimama ufukweni.

Basi jioni zako zote zipe shafti. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi.

Shafti ya boti hizi ni ya waya uliosokotwa, kama ule wa spidomita ya pikipiki, wa milimita 4 kwako wewe, ukipita ndani ya bomba la shaba ya manjano linalotoka chini ya bodi na kuishia kwenye mguu unaolishika huko shetrini, yaani nyuma ya boti. Bomba likunje polepole, upinde mmoja mpana. Likivunjika kona hata kidogo, waya utasugua pale pale kila ukizunguka, na joto lote la kusugua ni umeme wa betri unaopotea bure. Kabla hujagandisha chochote, ipake shafti wino wa kalamu nene kuanzia mwanzo mpaka mwisho, iache ikauke, ipitishe kwenye bomba, izungushe kwa vidole mara nyingi, halafu ichomoe uitazame. Wino ukiwa umekwanguka mahali pamoja tu, na penginepo uko mzima, hapo ndipo bomba linapoibana. Likunje tena taratibu, rudia. Ukiridhika, shika propela kwa vidole viwili uizungushe: iende yenyewe kidogo baada ya kuiachia, bila kukoroma.

Mota nayo ielekee bomba moja kwa moja. Mafundi wengi huanza na mota, wakaigandisha katikati ya bodi, kisha wanalilazimisha bomba liifuate. Fanya kinyume. Bomba na mguu vikae kwanza, ifuate mota, na kishikio chake kikiwa kimeishika shafti, ndipo ugundishe kitako cha mota mahali mstari ulipokileta. Kwaruza faibaglasi kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao wote uishe, pangusa kwa spiriti, changanya gundi ya epoksi na vumbi laini la mbao iwe nzito, kisha uiache ikae usiku kucha. Epoksi ya dakika tano ni ya kushikiza tu, usiitegemee kubeba mota.

Jambo moja dogo ambalo lisipofanywa linaua mota nyingi: waya uliosokotwa ukibanwa na mzigo hujikaza, na ukijikaza hufupika. Kwa hiyo kati ya mguu na kile kipande kinachoishika propela acha nafasi ya milimita 3. Ukikiegemeza kabisa kwenye mguu, boti ikishika kasi propela itavutwa mbele, kitasagana na mguu, na wewe utaona mota inachemka usijue kwa nini. Hakikisha pia mota inauzungusha waya upande unaoukaza msokoto wake. Ikienda kinyume, waya utafumuka. Kugeuza mzunguko ni kazi nyepesi, badilishana nyaya zozote mbili kati ya tatu za mota.

Mguu wa shafti uanze ukiwa sambamba na mkuku. Uache hivyo siku ya kwanza. Ukiona omo, yaani mbele ya boti, inarukaruka boti ikiwa imenyooka, shusha kidogo sana mwisho wa mguu wenye propela. Msukumo utainyanyua shetri na omo italala. Ikilala mno, boti italima maji na kupunguza mwendo, basi rudisha. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike, ukibadili viwili hutajua kipi kimekusaidia.

Uzito. Kitovu cha uzito kwa bodi kama yako kiwe kama asilimia 30 ya urefu, ukipima kutoka shetri, yaani sentimita 22 na nusu. Pima boti ikiwa na kila kitu, betri ndani, kifuniko kimefungwa. Iweke juu ya rula iliyosimama kwa ubavu na uisogeze mpaka isimame sawa. Betri ndicho kitu kizito kuliko vyote, kwa hiyo usiiwekee kiota cha kudumu. Weka mkanda wa kunata mrefu sakafuni ili uweze kuisogeza mbele na nyuma. Kushoto na kulia nako kuwe sawa, ila ujue boti itataka kulala upande mmoja kwa sababu ya mzunguko wa propela. Hilo utalirekebisha kwa vile vibao viwili vya shetrini.

Usukani uweke upande wa kulia wa shetri, usiwe nyuma kabisa ya propela. Mashindano ya duru huzunguka kwa kufuata saa, kona zote ni za kulia, ndiyo maana. Bolti moja ya bawa la usukani iwe ya plastiki. Ukigonga gogo, bolti hukatika na bawa hupanda juu, shetri inabaki salama. Kwenu huko najua kisumbufu kikubwa ni magugu maji. Tundu la maji ya kupoza mota liko kwenye bawa hilohilo la usukani, na jani moja tu linaliziba. Kila boti ikipita mbele yako tazama ubavuni mwake kama maji yanaruka. Yakikatika, rudisha boti hapohapo.

Propela nitakuachia uamuzi, ila anza na ya milimita 40, ukiona mota na kidhibiti vinabaki vuguvugu ndipo upande 42. Zile za kampuni ya Octura zimeandikwa namba inayosomeka vizuri: X442 ni pichi ya 1.4 na kipenyo cha milimita 42. Huja butu, lazima uzinoe ukingo na kuzisawazisha ili bawa moja lisiwe zito kuliko jingine. Nakusihi kwa hili: chuma chake ni shaba iliyochanganywa na berili, na vumbi la berili ni sumu ya mapafu. Noa ukiwa umelowesha msasa kwa maji, vaa barakoa, fanyia nje, na matope yake uyafute kwa tambara la kutupa. Watoto wasikaribie meza hiyo.

Umeme kwa ufupi, maana wewe kulehemu unanishinda. Nyaya kati ya betri na kidhibiti ziwe fupi kabisa. Ukitaka kurefusha, refusha zile tatu zinazokwenda kwenye mota. Viunganishi viwe vya milimita 5.5. Kipokezi cha mawimbi ya rimoti kitie kwenye kikopo kisichopitisha maji, na antena isimame juu, kwa sababu mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapiti majini. Weka vipande vya povu gumu jepesi omoni na pembeni, vya kutosha kuifanya boti ielee hata ikijaa maji pamoja na betri. Kifuniko kizungushie selotepu pande zote.

Kaka yako akikuletea betri kutoka Ujerumani, mwambie aziweke kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zimefungwa tepu, asizitie kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Volti 14.8 kwa miliampea saa 5000 ni wati saa 74, iko chini ya kikomo cha ndege cha wati saa 100, kwa hiyo inaruhusiwa mkononi. Ukishazipata, zichaji kwa ampea 5, kwenye sakafu ya saruji, mbali na pazia, na wewe uwepo. Seli isipite volti 4.2 na usiishushe chini ya 3.3. Kama hutakimbiza wiki hiyo, iache kwenye 3.8. Ikivimba, imekwisha, usiihurumie.

Sasa utajuaje kama kazi yako ya shafti imefaa? Chaja itakuambia. Kimbiza boti dakika 3, rudisha, ipoe, kisha chaji betri uone miliampea saa ngapi zimeingia. Zikiingia 4000, wastani wako ulikuwa ampea 80. Sogeza betri au nyoosha bomba, rudia dakika 3 zilezile. Zikiingia 3400 na mwendo ni uleule au zaidi, hizo ampea 12 ulizookoa zilikuwa zikiyeyukia kwenye msuguano. Hakuna mota ya kununua itakayokupa hivyo kwa bei ya msasa na wino. Mimi hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko macho, kwa sababu boti inayorusha maji mengi huonekana ina mbio hata ikiwa inajichosha tu.

Nakuonea raha kwa maji yenu yasiyo na chumvi. Sisi hukimbiza kwenye mkono wa bahari wa Tudor asubuhi na mapema, maji yakiwa yamejaa na kusi haijaamka, na tukirudi nyumbani kazi ndiyo inaanza: kuosha kila kitu kwa maji baridi, kuchomoa shafti, kupangusa, kupaka mafuta, kutia grisi upya. Wewe pia ichomoe shafti kila siku unapotoka majini. Waya huo ni wa chuma, hushika kutu ndani ya msokoto ambako jicho halifiki.

Boti ikizimika mbali, usiifuate kwa kuogelea. Ziwa lina mamba, lina kiboko, na maji ya pembeni yana kichocho. Chukua mshipi wa kuvulia, funga mpira wa tenisi mwishoni, urushe upite juu ya boti, uvute polepole. Na usikimbize kabisa penye waogaji au mitumbwi. Kilo mbili kwa kilomita 70 kwa saa zinavunja mfupa. Washa rimoti kwanza, boti mwisho. Ukizima, boti kwanza. Kipokezi kiweke kikipoteza mawasiliano mota isimame.

Umeniuliza pia shemeji akikuambia ni mchezo wa watoto umjibu nini. Mwambie kwamba mwaka 1898, pale Madison Square Garden, New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu boti ndogo ya betri aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio, na mwaka huohuo akapewa hataza namba 613,809. Ndege zote zisizo na rubani zinazoongozwa kwa redio zimekuja baada ya boti hiyo. Mchezo wetu una heshima yake.

Ninakutumia kwa basi kipande cha bomba la shaba cha sentimita 30 na mrija wa plastiki laini wa kuingia ndani yake, maana najua Mwanza vinasumbua kupatikana. Nipimie umbali kutoka shetri mpaka uso wa mota, na kipenyo cha mhimili wake, kama ni milimita 5 au 6, ili nikutafutie kishikio kinachofaa. Niandikie kabla ya Ijumaa, kuna mtu anakwenda Dar.

Nisalimie mama, mwambie shikamoo yake nimeibeba.

Ni mimi sahibu yako