Nafuu ya kodi si ya watoto wadogo tu

Mhariri,

Kila msimu wa kodi huku Marekani nasikia Waswahili wenzetu wakisema mtoto akishatimiza miaka 17 basi nafuu yake imekwisha. Si kweli. Ipo nyingine, ya hadi dola 500 kwa kila mtegemezi: kijana wa chuo anayesoma muda wote na hajafika miaka 24, mama mzee, hata shangazi. Mzazi si lazima mkae nyumba moja, mradi zaidi ya nusu ya matumizi yake yatoke mfukoni mwako na kipato chake kinachotozwa kodi kiwe kidogo. Kwa 2024 kilitakiwa kiwe chini ya dola 5,050.

Lakini wanaotujazia fomu kwa malipo nao wawe wakweli. Bibi aliyeko Tanga, asiye raia wala mkazi wa Marekani, hahesabiki, hata kama unamtumia pesa kila mwezi na risiti zote unazo. Inauma, maana ndiye tunayemlisha hasa. Halafu dola hizo hupunguza tu kodi unayodaiwa. Kama hudaiwi, hupati kitu. Anayekuahidi hundi kwa jina la bibi huyo anakutafutia balaa.

Msomaji wako,
Minneapolis