Timu za Kanada hazikosi moyo, zinabanwa na hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Ujiji aliyeandika kwamba timu za Kanada hazichukui ubingwa wa hoki ya barafuni kwa sababu zimekosa moyo wa kibingwa, kisha akazifananisha na timu zetu za mikoani ambazo kila mwaka zinazisindikiza Simba na Yanga. La kwanza si kweli. La pili linachanganya mambo mawili ambayo kwa hakika yanakwenda kinyume.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu hapa Tabora. Binti yangu ni muuguzi Edmonton, katika jimbo la Alberta, ameolewa huko, na wajukuu zangu walijua kuteleza kwenye barafu kabla ya kujua kusoma. Mchezo huu umeingia nyumbani kwangu Isevya kupitia wao, na sasa naufuata kwa mapenzi yangu mwenyewe.

Ligi yao inayoitwa NHL ina timu 32. Za Marekani ni 25, za Kanada ni 7: Montreal, Toronto, Ottawa, Winnipeg, Calgary, Edmonton na Vancouver. Mara ya mwisho Kombe la Stanley, yaani kombe la ubingwa wa ligi hiyo, kubaki Kanada ilikuwa Juni 1993, Montreal Canadiens walipowashinda Los Angeles Kings michezo minne kwa mmoja. Kuanzia 1994 hadi 2025 kombe limetolewa mara 31, kwani mwaka 2005 halikushindaniwa kwa sababu ya mgogoro wa mishahara, na mara zote 31 limekwenda Marekani. Tuseme Kanada ni moja ya tano ya ligi, maana kwa miaka mingi ilikuwa na timu 6 kati ya 30. Basi kila mwaka Marekani ina nafasi nne kati ya tano. Zidisha nne ya tano kwa yenyewe mara 31, utapata kama moja katika elfu. Bahati mbaya ipo, lakini si ya kiasi hicho. Kuna kitu kinachosukuma upande mmoja.

Kitu hicho si moyo. Katika miaka hiyo timu za Kanada zimefika fainali mara nane, na mara tano zimepelekana hadi mchezo wa saba, ule wa mwisho kabisa, maana bingwa ni anayetangulia kushinda minne: Vancouver 1994 na 2011, Calgary 2004, Edmonton 2006 na 2024. Mitatu kati ya michezo hiyo ya saba iliamuliwa kwa bao moja. Mwaka 1994 Vancouver walikuwa nyuma 3-2 dhidi ya New York Rangers, dakika za mwisho, Nathan LaFayette akapiga mlingoti wa goli. Mwaka 2024 Edmonton walikuwa wameshafungwa michezo mitatu mfululizo na Florida Panthers, wakafufuka wakashinda mitatu, kisha wakalala 2-1 katika wa saba. Timu isiyo na moyo haifufuki namna hiyo.

Na hata kombe la 1993 lilipita kwenye tundu la sindano. Montreal walishapoteza mchezo wa kwanza nyumbani kwao. Katika wa pili wako nyuma 2-1, zimebaki chini ya dakika mbili. Kocha wao Jacques Demers akawaomba waamuzi wapime fimbo ya Marty McSorley wa Kings. Kanuni inaweka kiwango cha mkunjo wa ubapa wa fimbo, kwa sababu ukizidi unampa mpigaji faida, na fimbo ya McSorley ilikuwa imezidi. Akatolewa nje kwa dakika mbili. Montreal wakamtoa na kipa wao ili waongeze mshambuliaji, beki Eric Desjardins akasawazisha, na muda wa nyongeza ulipoanza haikupita dakika moja, Desjardins huyohuyo akamaliza kazi. Mabao yote matatu ya Montreal siku ile ni yake. Kama fimbo ile ingekuwa halali, wangesafiri kwenda Los Angeles wakiwa nyuma michezo miwili kwa sifuri, na leo tungekuwa tunahesabu kutoka mbali zaidi.

Vipaji pia havijakosekana. Februari 2025 timu ya taifa ya Kanada iliwafunga Marekani 3-2 katika fainali ya mashindano ya mataifa manne, na hao ni wachezaji wa NHL hiyohiyo. Tatizo ni kwamba Mkanada mwenye kipaji hachagui timu ya kwao. Vijana wanagawiwa, timu dhaifu zikipewa nafasi kubwa zaidi katika kura ya kutangulia kuchagua, na ndivyo Sidney Crosby wa Nova Scotia alivyokwenda Pittsburgh na kuwaletea makombe matatu. Kuna lililonichoma zaidi. Mwaka 2004 Calgary wanaongoza michezo mitatu kwa miwili, wa sita uko nyumbani kwao. Ukaenda hadi muda wa nyongeza wa pili, na aliyewafunga ni Martin St. Louis wa Tampa Bay, mzaliwa wa Laval, Quebec, ambaye Calgary wenyewe walikuwa naye wakamwacha aondoke mwaka 2000. Siku mbili baadaye Tampa wakabeba kombe. Na lile bao la ushindi la Florida mwaka 2024 lilifungwa na Sam Reinhart, kijana wa North Vancouver.

Sasa tufike kwenye sababu. Naona vipindi viwili, na mtu akivichanganya hataelewa.

Kipindi cha kwanza kinaishia 2004, nacho ni cha sarafu. Timu za Kanada zinauza tiketi kwa dola ya Kanada na kulipa wachezaji kwa dola ya Marekani. Mwaka 2002 dola yao ilishuka hadi kama senti 62 za Marekani. Mfanyabiashara yeyote wa Tabora anayeagiza mzigo kutoka nje anajua maana yake. Na wakati huo matumizi hayakuwa na mpaka: New York Rangers na Detroit walifikia zaidi ya dola milioni 70 kwa msimu. Winnipeg wakahamishiwa Phoenix, Marekani, mwaka 1996. Ottawa wakafilisika Januari 2003. Quebec ndio walioumia kuliko wote: timu yao ya Nordiques ilihamishiwa Denver mwaka 1995, ikabatizwa Colorado Avalanche, na msimu wake wa kwanza tu ikatwaa kombe, golini akiwa Patrick Roy, kipa yuleyule aliyewapa Montreal ubingwa wa 1993. Watu wa Quebec walilea timu kwa miaka na miaka, wakaja kutazama sherehe zake kwenye televisheni.

Kipindi cha pili kilianza msimu wa 2005-06, ligi ilipoweka kikomo cha mishahara. Kwanza dola milioni 39 kwa timu, na msimu wa 2024-25 kilifika milioni 88. Wengi walidhani Kanada imepona, na kweli timu zao hazikuhama tena. Mwaka 2011 Winnipeg ilipata timu nyingine kutoka Atlanta. Lakini tazama kilichotokea. Dola ya Kanada ilipanda, viwanja vikajaa, Toronto wakawa na fedha za kumwaga, na sasa hawaruhusiwi kuzimwaga. Walipokuwa huru kutumia hawakuwa nazo. Walipozipata, kifuniko kikawekwa. Mkataba huohuo wa ligi na wachezaji ulioleta kikomo uliruhusu mchezaji kuwa huru kabisa kuchagua timu akiwa na umri wa miaka 27 au akimaliza misimu saba. Kwa hiyo mishahara ikasawazishwa na wachezaji wakapewa hiari, vyote kwa mkupuo. Timu zote zikiwa na fedha sawa, mchezaji anachagua kwa mambo mengine: makato, hali ya hewa, utulivu wa familia.

Makato yenyewe tuyaandike ubaoni, bila kuingiza kodi za michezo ya ugenini wala mbinu za wahasibu. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato Ontario ni asilimia 53.53. Florida haina kodi ya jimbo, inabaki ya serikali kuu ya Marekani, asilimia 37. Mchezaji wa dola milioni 8 Florida anabaki na kama milioni 5. Ili Toronto imwachie kiasi hichohicho mkononi, lazima imlipe karibu milioni 11. Hizo milioni 3 za ziada zinahesabiwa ndani ya kikomo, na zinatosha kabisa kusajili beki wa kutegemewa. Kuanzia 2020 hadi 2025 makombe matano kati ya sita yamekwenda Tampa Bay, Vegas na Florida, timu za majimbo yasiyo na kodi hiyo. Kamishna wa ligi, Gary Bettman, ameipuuza hoja hii hadharani. Mimi siipuuzi.

Lakini pia siwezi kusema kodi ndiyo kila kitu. Kati ya 2009 na 2017 Pittsburgh, Chicago na Los Angeles walichukua makombe manane kati ya tisa, na California inatoza kodi kubwa, huku jimbo la Florida wakati huo nalo halikuwa na kodi na timu zake hazikupata kombe hata moja. Uongozi mzuri unaweza kushinda makato. Nasema tu kwamba timu ya Kanada inaanza na deni, hivyo kosa moja la usajili linaigharimu zaidi.

Kuna na shinikizo. Juni 2024 nilikuwa Edmonton kwa binti yangu, na usiku wa mchezo wa saba tulisimama na umati nje ya uwanja wa Rogers Place, ingawa timu ilikuwa Florida na pale tulikuwa tunaangalia skrini. Ilikuwa karibu saa tatu usiku na jua bado linawaka kama alasiri ya Tabora. Mjukuu wangu alivaa jezi ya rangi ya chungwa inayomfika magotini. Reinhart alipofunga, baba mmoja mbele yetu alichuchumaa na hakunyanyuka hadi kipindi kilipokwisha. Kesho yake, binti yangu akaniambia, wodini wauguzi, wagonjwa na wafagizi walikuwa na mazungumzo hayohayo. Mchezaji anaishi ndani ya hayo kila siku. Mei 2025 Toronto walifungwa 6-1 nyumbani na Florida katika mchezo wa saba, mashabiki wakatupa jezi barafuni. Wiki chache baadaye Mitch Marner, mtoto wa Markham, jirani kabisa na Toronto, akaondoka kwenda Vegas.

Msomaji wa Ujiji atasema Montreal walichukua makombe 24 chini ya shinikizo hilohilo. Ni kweli. Lakini wakati huo mchezaji hakuwa na pa kukimbilia. Alicheza pale alipowekwa. Mwaka 2022 Matthew Tkachuk aliwaambia Calgary hatasaini mkataba mrefu, akapelekwa Florida, na ameshabeba kombe mara mbili.

Sasa turudi nyumbani. Tangu Mtibwa Sugar ya Morogoro ilipokuwa bingwa mwaka 1999 na 2000, ubingwa wa Ligi Kuu haujatoka Dar es Salaam. Novemba 2024 Tabora United waliwafunga Yanga 3-1 palepale Dar, na hapa mtaani hatukulala. Hakuna aliyeweza kusema vijana wetu hawana moyo. Ila kijana aking'ara hapa, dirisha la usajili likifunguliwa anachukuliwa, kwa sababu kwetu mwenye fedha hana mpaka. Leta kikomo cha mishahara Tanzania, Tabora tutashangilia. Kiondoe Amerika Kaskazini, watakaoshangilia ni Toronto. Ndiyo maana nasema mfano wa msomaji wa Ujiji umegeuzwa.

Oktoba 2025 Connor McDavid, anayehesabiwa na wengi kuwa bora kuliko wote duniani, alisaini kubaki Edmonton miaka miwili zaidi kwa dola milioni 12.5 kwa mwaka, mshahara uleule aliokuwa akiupata, ilhali angeweza kudai zaidi. Chini ya kikomo, kila dola aliyoiacha ni dola ya kumlipa mwenzake.

Ombi langu kwako, Mhariri: ukurasa wa michezo uwe na kona ndogo ya matokeo ya NHL, hasa Aprili hadi Juni. Michezo yao mingi huanza saa tisa usiku kwetu, na si wazazi wote wenye watoto kule wanaoweza kukesha na simu. Mistari minne tu itatosha.

Mwalimu mstaafu wa hesabu,
Isevya, Tabora