Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: baiskeli zetu ziandikwe kwenye tiketi

Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma.

Mbukwenyi Mheshimiwa!

Nakusalimia hivyo kwa sababu ofisi yako iko huku kwetu na mi japo sio Mgogo nimefundisha hapa Dodoma muda mrefu mpaka vumbi na upepo wa hapa nishauzoea. Naomba nikuandikie kuhusu baiskeli kwenye ndege. Najua mezani kwako kuna reli, bandari, mabasi na mambo makubwa kibao, lakini hili nalo liko kwako, na nimelibeba moyoni miezi kadhaa sasa nimeona bora niliseme hadharani.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Jioni na Jumamosi nina vijana kumi na mmoja tunaendesha baiskeli, tunatoka Nkuhungu tunashika barabara ya Kondoa au tunapiga mpaka Hombolo na kurudi kabla jua halijawa kali. Baiskeli zetu nyingi ni za mtumba, zimeungwaungwa hivyo hivyo. Za mbio kabisa ni mbili tu, yangu na ya kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne ambaye wazazi wake waliuza magunia ya alizeti ndo ikapatikana, na mi nikajazia kidogo. Naomba ulishike hilo la alizeti Mheshimiwa, maana ndo thamani ya hicho kitu ninachokizungumzia.

Mwezi wa 9 mwaka 2025, tarehe 21 mpaka 28, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Nikasema huyu kijana lazima akaone kwa macho yake, tena sio kusimama pembeni tu, apande vile vilima na baiskeli yake mwenyewe asubuhi mapema kabla barabara hazijafungwa, kwa sababu huku kwetu ukitoa upepo barabara nyingi ni tambarare na kupanda kilima hakufundishwi kwa maneno.

Nikapiga simu kampuni ya ndege, sitaitaja jina. Safari ni Dodoma, Dar, Kigali, tiketi moja kwenda na kurudi. Dada akanipokea vizuri sana, akasema mama baiskeli tunabeba, zipaki kwenye boksi, kila boksi lisizidi kilo 23, utalipia hapo hapo uwanjani. Nikamuuliza sasa mdogo wangu hilo naandikiwa wapi, kwenye tiketi au mnanitumia meseji? Akasema hamna haja mama, we njoo tu.

Mheshimiwa, barua yangu yote imetoka kwenye hayo maneno, "we njoo tu".

Tulipaki barazani kwangu siku nzima. Nakueleza ili ujue kwamba watu wa baiskeli hatuji uwanjani kama tunaleta kuni. Maboksi tuliomba duka la baiskeli, yale zinamokuja mpya. Tukafungua pedeli kwa spana namba 15, ya kulia inafunguka kama nati ya kawaida ila ya kushoto nati yake imegeuzwa, ukilazimisha unaiharibu, kijana alikuwa hajui akajifunza siku hiyo. Tukatoa tairi la mbele, tukachonga kipande cha mti tukakibana katikati ya uma wa mbele ili boksi likigandamizwa uma usijikunje. Kwenye breki za disiki tukaweka karatasi ngumu kati ya pedi, maana mtu akibana breki bila disiki pedi zinakamatana. Siti tukaishusha, usukani tukaugeuza, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha gia ambacho ndo roho ya baiskeli tukakifungua tukakifunga na kanga kuukuu. Fremu tukaizungushia sponji ya godoro. Tairi tukapunguza upepo kidogo, hatukutoa wote, kwa sababu kwenye hizi ndege za abiria sehemu ya mizigo hewa yake imebanwa sawa na tunapokaa sisi, tairi zima halipasuki huko, ila tairi lisilo na upepo kabisa linaacha rimu ipigwe. Tochi na pawabenki tukaweka kwenye begi la mkononi kama sheria ya betri za lithiamu inavyotaka. Tukapima, kilo 18 moja na nyingine 19.

Kufika kaunta, boksi la kwanza likapokelewa likabandikwa tagi. La pili likakataliwa. Kijana wa kaunta akasema ndege ya leo ni ya pangaboi, boksi moja linaingia, mawili hapana. Nikamwambia nilipiga simu, akasema simu ulimpigia nani mama? Nami sikumjua jina. Nikamwambia kilo hazijazidi, akasema kilo sawa ila urefu umezidi, akatoa futi yake. Kweli, mashirika mengi mzigo wa kawaida wanataka urefu, upana na kina ukijumlisha usizidi sentimita 158, na boksi la baiskeli ni kama 140 kwa 78 kwa 22, jumla 240, hakuna baiskeli ya mtu mzima itakayoingia kwenye 158 labda uikate na msumeno. Ndo maana nilipiga simu!

Sasa naomba nieleweke, yule kijana simlaumu na rubani simlaumu. Ndege ndogo ina mlango mdogo wa mizigo na nafasi yake inajulikana. Alafu Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, jua likiwa kali hewa inakuwa nyepesi na ndege inainuka na uzito mdogo kuliko ingeinuka asubuhi ya baridi, kwa hiyo kuna siku lazima mzigo ubaki na mi sitaki nipande ndege iliyozidishiwa mzigo kwa ajili ya baiskeli yangu. Nachosema ni kwamba hayo yote yanajulikana kabla. Aina ya ndege inajulikana, nafasi inajulikana. Kama siku ile kwenye simu ningeambiwa mama ndege hiyo inachukua moja tu, ningetuma nyingine na basi siku mbili kabla na nisingepoteza kitu.

Maana ndo nilivyofanya mwisho wa siku. Mlango unakaribia kufungwa, kijana ameshika boksi lake machozi yanamlenga, nikampigia mdogo wangu aje alichukue alipeleke stendi ya Nanenane lipande basi la usiku. Konda akaliangalia, akataja elfu ishirini, akaandika jina langu na namba ya simu na makapeni ubavuni, akatoa risiti. Basi. Asubuhi likashushwa Mbezi stendi ya Magufuli zima kama lilivyopakiwa. Ila kwa kulisubiri boksi hilo, ndege yetu ya Kigali ilikuwa imeshatuacha jana yake, tukalipia kubadilisha tiketi, tukalala gesti, hela ya chakula cha Kigali ikaishia Dar.

Kigali tulifika. Sitaeleza sana maana nitalia. Kijana alipanda vile vilima vya mawe akashuka akapanda tena. Tarehe 28 tulisimama barabarani toka asubuhi, wanaume wakakimbia kilomita 267.5, Tadej Pogačar akashinda, na watoto wa Kinyarwanda wamejaa kwenye kuta wanashangilia kila anayepita hata wa mwisho. Njiani kurudi Nkuhungu kijana wangu alikuwa anahesabu miaka.

Kurudi sasa. Boksi zile zile, kilo zile zile, nikalipishwa karibu mara mbili ya nilicholipa kwenda. Nikauliza bei imeandikwa wapi, nikaambiwa mfumo ndo unasema. Tukafika Dodoma jioni, boksi la kijana limechanika ubavu mzima, selotepu imekatwa kwa ukaguzi haikurudishiwa, na kile chuma kidogo kinachoshika kifaa cha gia kwenye fremu kimepinda. Nikaomba fomu ya mzigo ulioharibika, nikaambiwa aliye na fomu ameshatoka, mama njoo kesho. Kesho yake nikaambiwa ukishatoka na mzigo nje ya uwanja hatuwezi kujua umeharibikia wapi.

Mheshimiwa, hapo ndo nilipokaa chini nikasoma. Nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Kwa safari ya kimataifa mkataba unampa abiria siku 7 tangu apokee mzigo kulalamika kwa maandishi kama umeharibika, na siku 21 kama ulichelewa. Kiwango cha juu cha fidia kwa abiria mmoja tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, SDR ni kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, zote ni kama dola 2,000 hivi. Na ukiwa na kitu cha thamani zaidi unaruhusiwa kutamka thamani yake unapokabidhi mzigo, ukalipia kidogo ikibidi. Siku 7! Mi niliambiwa nimechelewa baada ya usiku mmoja, na nikaondoka kwa sababu sikujua. Ni abiria wangapi wanaondoka hivyo hivyo, sio wa baiskeli tu, mwenye kiti cha magurudumu, mwenye ngoma zake, mwenye mashine ya kushonea?

Ninachoomba sio bure na sio upendeleo, tuko tayari kulipa. Naomba wizara yako kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga iwatake wote wanaobeba abiria hapa nchini wakubali au wakatae baiskeli kwa maandishi wakati wa kukata tiketi, iandikwe pale pale kwenye tiketi: boksi ngapi, ukubwa gani, kilo ngapi, bei gani kwenda na kurudi, na imeruhusiwa kwa ndege ipi. Wakisema hapana iwe hapana, nitapanda basi na nitashukuru. Na ikitokea imeandikwa ndiyo alafu siku ya siku ndege imeshindwa kwa sababu ya uzito, basi mzigo uletwe na ndege inayofuata kwa gharama yao, sio mama akimbizane na konda. Betri za baiskeli za umeme siziombei, nyingi zinapita wati-saa 160 na abiria haruhusiwi kuzibeba kwa sababu ya moto, hilo nalo waandike watu wajue wasifike nazo uwanjani.

Fomu ya mzigo ulioharibika iwepo muda wote ndege inaposhuka, hata kama ni saa tatu usiku. Na zile siku 7 zibandikwe ukutani pale mizigo inapotokea, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo bibi yangu angezisoma. Lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, namba yao ya simu nayo iwe hapo hapo.

Alafu Msalato, ule uwanja mpya wa ndege wa hapa Dodoma. Pale hakikisheni kuna sehemu ya kupokelea mizigo mikubwa, mlango mpana, meza ndefu, mashine ya ukaguzi ambayo boksi la baiskeli linapita bila kukatwa, na selotepu ya kulifungia likifunguliwa. Nasema hivi kwa sababu Dodoma iko kwenye ile barabara kuu ya kutoka Cairo mpaka Cape Town. Ile lami ya Dodoma mpaka Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018, na mi kwenye mazoezi nakutana na wazungu wamepakia mabegi kwenye baiskeli wanatoka Kondoa wamechoka wana furaha, wameshapita Kolo kuona michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Watu kama hawa wengi safari zao zinaanza au zinaisha kwenye ndege. Mtu wa namna hiyo anapochagua ashukie wapi, anaangalia kwanza baiskeli yake itapokelewaje, hoteli baadaye. Tunaweza kuwa tunawapoteza hapo kaunta bila hata kujua.

Kile chuma kilichopinda fundi wa Majengo alijaribu kukinyoosha, kikakatika. Kipya cha fremu ile hapa mjini hakuna, kimeagizwa, tunasubiri. Kijana kwa sasa anaendesha yangu na mi naendesha ya mtumba.

Likizo ya mwezi wa 6 nataka kuwapeleka vijana watatu Mwanza, kanda ya ziwa kuna waendesha baiskeli wakali sana na nataka wapimane nao. Nitapiga tena simu kampuni ya ndege. Naomba Mheshimiwa safari hii nikiuliza naandikiwa wapi, pawepo na mahali.

Ni mimi,
Mwalimu na mwendesha baiskeli, Nkuhungu, Dodoma.